Printa haitii amri kutoka Commodore 64: nani anakula baiti zangu njiani?

#1 KasetiMbovu

Wakuu, habari za humu.

Nina Commodore 64 na printa ya Epson FX-80, ile ya pini 9. Katikati yao kuna kisanduku cha kiolesura: upande mmoja kinaingia kwenye soketi ya duara ya kompyuta, ile ile ya kuunganishia disketi, na upande wa pili kina kebo nene ya Centronics inayokwenda kwenye printa. Maandishi ya kawaida yanatoka vizuri kabisa. Kinachonitoa jasho ni amri.

Kitabu cha printa kinasema ukitaka herufi nene, tuma ESC (ile baiti namba 27 inayotangulia amri) halafu E. Nami nikaandika hivi:

`10 OPEN 4,4,7`
`20 PRINT#4,CHR$(27);"E";"HABARI"`
`30 CLOSE 4`

Kwenye karatasi kikatoka hiki:

`ehabari`

Unene hakuna, herufi zote zimekuwa ndogo, na E ya amri imejiandikisha kwenye karatasi kama herufi ya kawaida. Nikajaribu ESC 4 ya italiki, nikapata `4habari`. Za kupigia mstari chini, `-1habari`. Wiki nzima nimekesha nabadilisha amri moja baada ya nyingine. Mwenye kujua anisaidie.

#2 Msomaji_tu

Ngoja wajuzi waje. Mimi nimeshavuta kiti.

#3 RiboniKavu

Hiyo printa imeshachoka mkuu. Bodi yake ya ndani imeanza kusahau amri. Printa za umri huo ukiona zinaandika maandishi tu mshukuru Mungu. Tafuta nyingine.

#4 Fundi_Pini9

RiboniKavu, taratibu. Printa iliyosahau amri haiwezi kukuandikia `e` mahali pa `E`. Hapo kuna mtu ameibadilisha herufi makusudi, na mtu huyo si printa.

KasetiMbovu, umeweka dalili mbili kwenye uzi wako bila kujua kwamba ni ugonjwa mmoja. ESC imepotea, na herufi kubwa zimegeuka ndogo. Zote mbili ni kazi ya hicho kisanduku cha katikati.

Commodore 64 haitumii ASCII kamili (ile orodha ya kawaida ya kodi, yaani namba za herufi), inatumia PETSCII, orodha yake yenyewe. Ukiandika A bila shift, kodi yake ni 65. Ukiandika A kwa shift, ni 193. Kwenye ASCII ambayo Epson anaielewa, 65 ni A kubwa na a ndogo ni 97. Kwa hiyo aliyetengeneza kisanduku alijua kwamba akipitisha kodi kama zilivyo, barua za watu zitatoka ovyo. Akakiwekea ukalimani: kinapokea PETSCII, kinatoa ASCII. Ile 7 uliyoweka mwishoni mwa OPEN inakiambia kitumie seti ya herufi kubwa na ndogo, ndiyo maana 65 inafika kwa printa ikiwa 97.

Halafu kuna la pili. Visanduku vingi vya namna hii vinajifanya ni printa ya Commodore yenyewe, kwa sababu programu nyingi za wakati huo ziliandikwa zikitarajia printa hiyo. Kwenye printa za Commodore, 27 haina maana ile ya Epson. Mkalimani wako akiiona 27 anadhani ni ya kwake, anaimeza. Inayobaki ni "E", anaitafsiri kuwa "e", anaipeleka. Ndiyo `ehabari` yako.

Usibadilishe amri tena. Amri zako zilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

#5 KasetiMbovu

Mkuu Fundi, maelezo yameingia. Ila nitahakikishaje kwamba ni kisanduku na si printa? Sina printa nyingine ya kujaribia.

#6 Fundi_Pini9

Huhitaji nyingine. FX-80 ina kitu kizuri sana ambacho wengi hawakigusi. Izime. Shikilia vitufe vya LF na FF kwa pamoja, halafu iwashe ukiwa bado umevishikilia. Hapo inaacha kutii chochote. Kila baiti inayoingia inaiandika kwa namba za heksadesimali. Hata ukituma amri ya herufi nene, haiitii, inakuandikia tu kwamba nimepokea 1B (yaani 27) na 45 (yaani 69, ile E).

Tuma ule mstari wako mara tatu au nne mfululizo ili mistari ya karatasi ijae, kisha tuwekee hapa.

Nakwambia kabisa kwamba ningekuwa na uwezo wa kumfundisha mtu kitu kimoja tu kuhusu printa za zamani, kingekuwa hiki. Watu wanapoteza siku nzima wakibishana na kitabu cha amri kumbe swali la kwanza ni: kilichotoka kwenye BASIC, lugha yako ya programu, ndicho kilichofika?

#7 KasetiMbovu

Nimefanya. Imetoka hivi, inajirudia:

`65 68 61 62 61 72 69 0D 0A`

1B haipo kabisa! Na 45 ndiyo imekuwa 65. Fundi, heshima yako.

#8 Fundi_Pini9

Mshtakiwa amekamatwa. Ona pia hiyo 0A mwishoni. Wewe hukuituma. PRINT# ya Commodore inamaliza mstari kwa 13 peke yake, yaani 0D. Kisanduku kimekuongezea 10 kwa ihsani yake. Iweke akilini, itakusumbua baadaye.

Sasa tafuta kwenye kijitabu cha kisanduku namna ya kukizuia kutafsiri. Karibu vyote vina hali ya kupitisha kila kitu bila kukigusa. Mara nyingi inaitwa kwa kubadilisha ile namba ya tatu ya OPEN, na vingine vina swichi ndogo pembeni. Namba yenyewe inatofautiana kati ya kisanduku na kisanduku, kwa hiyo usichukue ya mtu mwingine.

#9 BiNukta

Naongezea hapo kabla hajaumia. Ukishaingia kwenye hali hiyo, amri zitafanya kazi lakini maandishi yako yataharibika, kwa sababu mkalimani umemfukuza na lugha bado ni mbili. Herufi ulizoandika bila shift zitatoka kubwa zote. Ulizoandika kwa shift ndizo vituko: zitatoka kubwa na zimelala!

Sababu ni kwamba FX-80 imeweka italiki kwenye nusu ya juu ya kodi zake. 65 ni A iliyosimama, na 65 jumlisha 128, yaani 193, ni A ya italiki. Na 193 ndiyo A ya shift kwenye PETSCII. Mimi niliwahi kuandika barua nzima ya maombi hivyo, kila jina la mtu limeanza na herufi imelewa. Nilidhani ni pambo.

#10 KasetiMbovu

MREJESHO: kijitabu changu kinasema namba 5. Nikaweka OPEN 4,4,5 na kweli, HABARI imetoka NENE. Nimepiga kelele mpaka watu wa nyumbani wamekuja kuona.

Na kama alivyosema BiNukta, kila nilipoandika kwa shift herufi imelala. Lakini kuna jipya: sasa mistari yote inaandikwa juu ya mstari mmoja. Kichwa kinarudi kushoto, karatasi haisogei. Nimepata doa jeusi la kusomeka na malaika tu.

#11 Fundi_Pini9

Hiyo ndiyo 0A niliyokwambia uiweke akilini. Kisanduku kilikuwa kinakuongezea, sasa umekiambia kisiguse kitu, nacho kimetii. 13 inarudisha kichwa kushoto. 10 inasukuma karatasi. Lazima mtu fulani aitume hiyo 10.

Una njia tatu. Ya kwanza ni swichi za dipu ndani ya printa, mojawapo inaiamuru ijiongezee 10 kila ikipokea 13. Ya pili, uitume mwenyewe kwa CHR$(10). Ya tatu naipenda kuliko zote na wengi wenye Commodore hawaijui: ukifungua faili kwa namba ya 128 au zaidi, PRINT# inatuma 13 na 10 yenyewe.

`OPEN 130,4,5`
`PRINT#130,"MSTARI WA KWANZA"`
`PRINT#130,"MSTARI WA PILI"`
`CLOSE 130`

Chagua moja tu. Ukiweka swichi na ukatumia 130, kila mstari utaruka miwili.

#12 Mwanabaiti

Naomba nitundike kipande cha kutafsiri ili ndugu yetu apate herufi ndogo na kubwa bila ulevi. Weka maandishi kwenye A$ na uite 100:

`100 FOR I=1 TO LEN(A$)`
`110 C=ASC(MID$(A$,I,1))`
`120 IF C>=65 AND C<=90 THEN C=C+32:GOTO 140`
`130 IF C>=193 AND C<=218 THEN C=C-128`
`140 PRINT#4,CHR$(C);`
`150 NEXT I`
`160 PRINT#4,CHR$(13);CHR$(10);`
`170 RETURN`

Angalieni nukta mkato mwishoni mwa 140 na 160. Ukiisahau, BASIC inapachika 13 yake baada ya kila herufi. Amri zenyewe usizipitishe humu, zitume moja kwa moja.

#13 BiNukta

Mwanabaiti, kizuri, ila jaribu kuacha mstari mtupu kati ya aya mbili. A$="" halafu GOSUB 100.

#14 Mwanabaiti

Aisee. `?ILLEGAL QUANTITY ERROR IN 110`. FOR ya Commodore inazunguka mara moja hata kama mwisho uko kabla ya mwanzo, kisha ASC inapewa hewa. Ongezeni:

`95 IF A$="" THEN 160`

na muite 95 badala ya 100. Miaka yote nimekuwa nikiweka nafasi moja kwenye mistari mitupu bila kujiuliza kwa nini.

#15 Fundi_Pini9

Na jambo dogo kwenye amri. Acheni kuandika "E" kwenye alama za nukuu, andikeni CHR$(69). Skrini ikiwa kwenye hali ya herufi ndogo, ile 69 inaonekana kama e, nawe unadhani umekosea, unaongeza shift, inakuwa 197, na printa inabaki inakushangaa. Namba haibadiliki sura.

Hizi ndizo ninazotumia karibu kila siku kwenye FX-80, zote zinatanguliwa na 27: 64 inairudisha printa kwenye hali ya mwanzo, 69 nene na 70 kuzima, 52 italiki na 53 kuzima, 45 ikifuatiwa na 1 ni kupigia mstari chini na 45 ikifuatiwa na 0 ni kuacha. 77 inabana herufi ziwe 12 kwa inchi, 80 inarudisha 10. Za kubana zaidi na za kutanua hazihitaji hata ESC: 15 inabana na 18 inaachia, 14 inatanua kwa mstari huo mmoja tu, mstari ukiisha inajizima.

27,64 iwe ya kwanza katika kila programu. Printa inakumbuka alichoambiwa na programu iliyopita, kompyuta haikumbuki.

#16 RiboniKavu

Nafuta kauli ya #3. Sasa mimi nina BBC Micro na tatizo linalofanana, ila sina kisanduku chochote katikati. Kebo inatoka kwenye mashine inaingia kwenye printa moja kwa moja. Natoa VDU 2 kuwasha printa, halafu PRINT CHR$(27);"E". Haitii. Hapo mkalimani ni nani?

#17 Mzee_wa_VDU

Ni mashine yenyewe mkuu. VDU 2 ikiwa imewashwa, BBC inapeleka kwenye printa herufi zinazoonekana pamoja na kodi chache kama 10 na 13. 27 haimo katika walioalikwa. Inaishia njiani.

Kuna VDU 1 kwa kazi hiyo. Inasema: baiti inayofuata peleka kwa printa tu, usiiangalie. Ni baiti moja tu, kwa hiyo kila moja inahitaji 1 yake mbele:

`VDU 2,1,27,1,69`
`PRINT "HABARI"`
`VDU 1,27,1,70,3`

Na VDU 1 haifanyi kitu kama hujatanguliza VDU 2. Wengi wanakwama hapo.

Mistari yako ikipandana pia, sababu ni kwamba BBC kwa kawaida inaizuia 10 isifike kwa printa. Waliamini printa itajiongezea. *FX6,0 inaondoa kizuizi hicho, au gusa swichi ya dipu. Kama alivyosema Fundi, moja tu.

#18 RiboniKavu

Imekubali. Mzee nakushukuru. Kumbe kila mashine ina mlinzi wake getini.

#19 Spekta48

Mlinzi wa ZX Spectrum mwenye Interface 1 ana mageti mawili, na ukikosea geti utalia. Kuna chaneli "t" na chaneli "b". "t" ni ya maandishi: inafungua maneno ya BASIC yawe maneno kamili, ndiyo maana LLIST (amri ya kuchapa orodha ya programu) inasomeka, na mwisho wa mstari inatuma 13 na 10. Lakini kodi za chini ya 32 inazitupa, isipokuwa ile 13. Kwa hiyo 27 haipiti hata ufanyeje.

"b" inapitisha biti zote nane za kila baiti kama zilivyo. Amri zinafika. Ila ukijaribu LLIST kupitia "b", maneno ya BASIC yanaondoka kama baiti moja moja za juu, na Epson anaziona italiki. Utapata orodha ya programu iliyoandikwa na jini.

Mimi nafungua zote mbili:

`FORMAT "b";9600`
`OPEN #3;"t"`
`OPEN #4;"b"`
`PRINT #4;CHR$ 27;CHR$ 69;`

LPRINT na LLIST zinakwenda kwa 3, amri zinakwenda kwa 4. Tangu nifanye hivyo sijagombana na mtu.

(Wenye ile ZX Printer ndogo ya karatasi ya fedha inayochomwa kwa cheche, nyie hamna uzi humu. LPRINT, LLIST, COPY, basi. Nawaonea wivu.)

#20 KasetiMbovu

Uzi umekuwa darasa. Narudi na swali la mwisho. Nimetengeneza nembo ya kuweka juu ya barua zangu. Nimeichora kwenye karatasi ya miraba, nukta 8 kwenda chini na 480 kwenda kulia. Kitabu kinasema ESC K. Nikituma, nembo inatoka nusu halafu maandishi ya barua yanageuka vijidoa.

#21 BiNukta

Umehesabu vibaya au umetuma pungufu. ESC K inafuatiwa na namba mbili, n1 na n2, ambazo zinaiambia printa safu ngapi za nukta zinakuja. Idadi ni n1 jumlisha 256 mara n2. Kwa 480:

n2 = INT(480/256) = 1
n1 = 480 - 256 = 224

`PRINT#4,CHR$(27);CHR$(75);CHR$(224);CHR$(1);`

Baada ya hapo printa inahesabu baiti 480 na haijali ni nini. Ukituma 400, inangoja. Barua yako ikianza, inazila herufi 80 za mwanzo ikidhani bado ni picha. Ndiyo vijidoa vyako. Kila safu ni baiti moja, pini ya juu kabisa ni 128, inayofuata 64, mpaka ya chini ambayo ni 1.

Angalia kama kwenye DATA yako umeruka mstari. Pia hakikisha kila PRINT# ina nukta mkato, la sivyo kila safu inafuatana na 13 iliyojipachika, nayo inahesabiwa kama nukta.

#22 Mwanabaiti

Na kama una nembo ya zamani uliyoichora kwa ajili ya MPS-801 ya Commodore usiilete hivi hivi. Ile ina nukta 7 kwenda chini, na zimegeuzwa: ya juu ni 1, ya chini ni 64, kisha unajumlisha 128 kwenye kila safu. Ukiipeleka kwa Epson inatoka miguu juu, na ukanda mweusi umeivuka kichwani.

#23 KasetiMbovu

@Mwanabaiti umenisoma kama unaishi nyumbani kwangu. Ukanda mweusi ninao.

#24 Bluu_464

Jamani wenye Amstrad CPC 464 tuna kilio chetu kwenye picha. Nimefuata hesabu ya BiNukta, 224 na 1, kwa PRINT #8. Nembo inakatika, kisha inafuatiwa na takataka za herufi. Nimehesabu DATA mara kumi, ziko 480.

#25 Fundi_Pini9

Hesabu yako ni sahihi, barabara yako ni nyembamba. Soketi ya printa ya CPC ina waya saba za data. Biti ya nane inatumika kama ishara ya kuiambia printa ichukue. Kwa hiyo kila namba iliyo juu ya 127 inapungua 128 ikiwa njiani.

Twende na 224 yako. 224 - 128 = 96. Printa imesoma 96 na 1, yaani 96 + 256 = 352. Imepokea safu 352 kama picha, zikabaki 128, ikaziandika kama herufi. Pima picha yako ilipokatika, utaona ni hapo.

Dawa: usitume idadi ambayo n1 yake inavuka 127. 480 ni 120 mara nne. Tuma 27,75,120,0 na safu 120, rudia mara nne bila kutuma 13 katikati. Zitaungana.

Pini ya juu, ile ya 128, huwezi kuifikia. Chora nembo kwa nukta 7 ukitumia 64 mpaka 1, na kabla ya picha tuma 27,49 ili mstari usogee 7/72 ya inchi badala ya 1/6. Pini zimeachana 1/72 kwa hiyo mistari itashikana bila pengo. Ukimaliza, 27,50 inarudisha 1/6.

Na weka WIDTH 255 mwanzoni. Bila hiyo BASIC inahesabu baiti za picha kama herufi, ikifika kikomo inakukatia mstari katikati ya nembo.

#26 Bluu_464

Nimepima. Safu ya 352 kweli. Nimebaki nacheka peke yangu.

#27 Spekta48

Ndugu zetu wa Atari wanaotumia ile moduli ya 850 nao wana yao. Mwisho wa mstari kwa Atari ni 155, na moduli inaigeuza kuwa 13 kabla ya kuipeleka. Hata katikati ya picha. Safu yoyote yenye mchoro wa 155 inatoka na sura ya 13. Badilisha nukta moja iwe 154 au 147, hakuna jicho litakalojua.

#28 Kijana_wa_Risiti

Shikamooni wakuu. Mimi nimekuja na kichekesho. Nimeunganisha printa ndogo ya risiti, ya joto, kwenye BBC kupitia soketi ya siriali: *FX5,2 na *FX8,7 kwa kasi ya 9600. Nikatumia amri zenu za herufi nene kutoka #17. Nikaandika KARIBU, ikatoka ARIBU, nene. Nikaandika HABARI, ikatoka ABARI, nyembamba. Baiti zote zinafika, nimehakikisha. Sasa nani kala K na H, na kwa nini moja ni nene nyingine hapana?

#29 Mzee_wa_VDU

Marahaba kijana. Hicho si kichekesho, ni swali zuri kuliko yote humu.

Printa za risiti zinatumia ESC/POS, binamu wa amri za FX-80. Majina yanafanana, tabia mbalimbali. Kwenye FX-80, ESC E inajitosheleza. Kwenye ESC/POS, ESC E inangoja baiti moja zaidi ya kuiambia washa au zima, na inaangalia biti ya mwisho tu: namba witiri ni washa, shufwa ni zima. Wewe hukuituma, ikachukua herufi ya kwanza ya neno lako.

K ni 75, witiri. Ikawasha, ikaandika ARIBU nene.
H ni 72, shufwa. Ikazima, ikaandika ABARI.

Tuma VDU 1,27,1,69,1,1 kuwasha na VDU 1,27,1,69,1,0 kuzima. 27,64 inafanya kazi kama ilivyo kwa FX-80.

#30 Kijana_wa_Risiti

Mzee… nimejaribu KARIBU na KWAHERI nikadhani printa inapenda K.

#31 Msomaji_tu

Sina hata printa lakini nimesoma mpaka hapa.

#32 KasetiMbovu

MREJESHO: barua ya kwanza imetoka. Nembo juu, nukta zake nimezigeuza kwa BASIC usiku wa jana. Jina langu nene, kichwa cha barua kimepigiwa mstari, herufi ndogo na kubwa ziko mahali pake, karatasi inasogea mstari mmoja mmoja. Nimetumia 95 ya Mwanabaiti, na 27,64 mwanzoni kama alivyosema Fundi.

Limebaki dogo tu. Nilipoiambia LIST kwa CMD 4 kwenye hali ya 5, programu yote ilitoka kwa herufi kubwa zilizochanganyika na zilizolala.

#33 Fundi_Pini9

Orodha ya programu ifungulie chaneli yake kupitia mkalimani, kwa sababu kwenye kazi hiyo anafaa:

`OPEN 3,4,7:CMD 3:LIST`

Ikimaliza, andika `PRINT#3:CLOSE 3`. Ukifunga bila ile PRINT# mtupu, printa inabaki imeshika laini, na mistari ya mwisho unaweza usiione.

#34 KasetiMbovu

Sawa. Imetoka, kurasa tatu. Mstari wa 130 nimegundua niliandika 281 badala ya 218, na bado ilikuwa inafanya kazi.